Saini ya Mchoraji Ina Bei Gani?

Saini ya mchoraji kwenye jalada la kitabu cha katuni hupandisha thamani ya kitabu hicho sokoni, na ndiyo maana wachoraji na waandishi wengi wa katuni siku hizi huitoza ada. Kwa zaidi ya miaka 20 wakusanyaji wamekuwa wakivutana juu ya mambo mawili: malipo ya haki ni kiasi gani, na mchoraji ana haki ya kumwekea masharti gani mtu anayetaka kitabu chake kithibitishwe na kampuni ya ukaguzi. Mvutano huo ulianzia Marekani. Hata hivyo, wasomaji wa Bujumbura waliokulia kwenye albamu za Wabelgiji na Wafaransa nao wanahusika, na wachoraji wa Kongo, Burundi na Tanzania wanahusika zaidi, kwa kuwa wao bado wana nafasi ya kujipangia utaratibu kabla soko halijawapangia.

Kampuni iliyobadilisha biashara hii ni CGC, iliyoanza kazi mwaka 2000 na yenye makao yake Sarasota, Florida. Kabla yake, muuzaji ndiye aliyesema kitabu chake ni kizima au kimechakaa, na mnunuzi wa mbali hakuwa na njia ya kumhakiki. Wakaguzi wa CGC huhesabu kurasa, hutazama mikunjo ya uti wa kitabu, kutu kwenye pini, rangi iliyofifia na dalili za kitabu kurekebishwa kwa siri. Kisha hukipa daraja kuanzia 0.5 hadi 10 na kukifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lililotengenezwa ili lisifunguliwe bila kuacha alama. Tofauti ya nukta chache kwenye daraja inaweza kuzidisha bei mara kadhaa. Mwezi Aprili 2024 nakala ya Action Comics namba 1, kitabu cha mwaka 1938 kilichomleta Superman, iliuzwa kwa mnada kwa dola milioni 6 ikiwa na daraja 8.5.

Katika mfumo huo, wino wowote juu ya jalada huhesabiwa kuwa doa. Kwa miaka mingi saini ya mchoraji nayo ilikuwa doa, isipokuwa mtu wa kampuni awe ameiona ikiandikwa. Hapo ndipo masharti yanapoanza. Kitabu kilichosainiwa mbele ya shahidi wa CGC hupata lebo ya njano, yenye jina la aliyesaini na tarehe. Kisicho na shahidi kwa miaka mingi kilipewa lebo ya kijani, yaani chenye kasoro iliyotajwa, au daraja lake lilishushwa. Lebo ya buluu ni ya kitabu cha kawaida, na ya zambarau ni ya kilichorekebishwa. Mkusanyaji mzoefu huitambua lebo akiwa upande wa pili wa chumba, na bei huanza kujengeka kichwani mwake kabla hajasoma neno lolote.

Utaratibu wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, maana nusu ya malalamiko hutokana na vitu vidogo. Mteja hufika mezani na kitabu ndani ya mfuko wa plastiki uliokatwa dirisha dogo, ili kalamu iguse sehemu iliyochaguliwa tu. Dirisha hilo huzuia mkono wa mchoraji kupaka mafuta na jasho kwenye karatasi, na pia humzuia kusaini juu ya uso wa mhusika. Wino huchaguliwa kulingana na jalada: mweusi juu ya rangi nyepesi, fedha au dhahabu juu ya rangi nzito. Shahidi husimama kando, huona saini ikiandikwa, kisha hukichukua kitabu palepale. Mwenye kitabu haruhusiwi kukishika tena hadi kirudi kutoka kwenye ukaguzi kikiwa ndani ya kasha. Kikipita mikononi mwake hata kidogo, ushahidi umevunjika na lebo ya njano imepotea.

Mchoraji anayaona hayo yote kutoka upande wa pili wa meza. Anajua kwamba kitabu chenye dirisha na shahidi kina uwezekano mkubwa wa kwenda mnadani. Kwa hiyo wengi wameweka bei mbili. Saini ya kawaida huwa bure au dola chache, na ya kitabu kinachokwenda kufungwa kwenye kasha huwa mara mbili au zaidi. Kwa wachoraji wa kati, ada ya dola 10 au 20 kwa saini ni jambo la kawaida, na kwa majina makubwa ada hupita 100. Mwandishi Stan Lee, aliyefariki Novemba 2018 akiwa na miaka 95, alitoza zaidi ya dola 100 katika miaka yake ya mwisho na foleni haikupungua.

Wakusanyaji wanaopinga bei mbili wanasema saini ni ileile, wino ni uleule na sekunde ni zilezile. Kwa nini anayetaka kukihifadhi kitabu chake vizuri alipe zaidi ya anayekitupa chini ya kitanda? Wanaongeza kwamba wapo watu wanaofunga vitabu vyao kwenye makasha bila nia yoyote ya kuviuza, na kwamba mchoraji hana haki ya kuingilia kile mtu anachofanya na mali aliyoinunua. Hoja ya mwisho ina nguvu. Ya kwanza ni dhaifu, kwa sababu sekunde za kusaini hazijawahi kuwa kipimo cha thamani ya saini. Kama zingekuwa kipimo, mkusanyaji naye angeuza kitabu chake kwa bei ya wino.

Historia iko upande wa wachoraji. Mwaka 1938 vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Fedha hizo zililipwa ndani ya hundi moja ya dola 412 iliyojumuisha malipo ya kazi nyingine, na wote wawili waliisaini nyuma ili waweze kulipwa benki. Kwa miongo iliyofuata kampuni iliyonunua haki hizo ilitajirika nao wakazeeka katika dhiki. Mwaka 1975 tu, baada ya kampeni iliyoongozwa na wachoraji wenzao Neal Adams na Jerry Robinson, kampuni ya Warner, iliyokuwa mmiliki wa haki hizo wakati huo, ilikubali kuwapa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi yao. Mwaka 2012 hundi ileile iliuzwa kwa mnada kwa dola 160,000. Saini zilizoipa karatasi hiyo thamani ni za watu waliokwisha kufa, na fedha zilikwenda kwa wengine.

Kisa cha mchoraji Jack Kirby kinafanana na hicho. Katika miaka ya 1980, kampuni ya Marvel ilipoanza kuwarudishia wachoraji kurasa zao halisi, ilimtaka Kirby asaini hati ya kurasa nne ya kuachia madai yake, ilhali wenzake walipewa hati fupi ya ukurasa mmoja. Alikataa. Mwaka 1987 alirudishiwa takribani kurasa 2,000 kati ya zaidi ya 10,000 alizokuwa amezichora. Anayelalamika kwamba mzee wa miaka 80 anatoza dola 40 kwa jina lake aanze kwa kuuliza mzee huyo alilipwa kiasi gani kwa kurasa zake, na kama ana pensheni. Hata shirika la hisani la Hero Initiative, linalowalipia wachoraji wakongwe matibabu na kodi ya nyumba, limekuwa likiendesha meza za saini kukusanya fedha. Neal Adams naye, aliyefariki Aprili 2022, alitoza ada ya saini yake waziwazi katika maonyesho.

Upande wa Ulaya, mila ni nyingine kabisa, na ndiyo inayojulikana zaidi kwa msomaji wa Kifaransa wa Bujumbura. Katika tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa, lililoanza mwaka 1974, msomaji hununua albamu, hupanga foleni, na mchoraji humchorea mhusika mzima kwenye ukurasa wa mwanzo, pamoja na jina la msomaji. Kazi hiyo huchukua dakika kumi au ishirini na kwa desturi ilikuwa bure. Mchapishaji hulipia safari na malazi ya mchoraji, lakini siku nzima za kuchora hazikuwa na ujira. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 na jukwaa la États généraux de la bande dessinée ulionyesha kwamba asilimia 53 ya watunzi waliohojiwa walipata chini ya kima cha chini cha mshahara cha Ufaransa. Tangu hapo vyama vya watunzi vimezidi kudai siku za saini zilipwe. Wapo pia wawindaji wa michoro ya bure, wanaobeba albamu kadhaa na kuuza mchoro mtandaoni kabla tamasha halijafungwa. Ndiyo sababu wachapishaji wengine wameanza kugawa nafasi za foleni kwa bahati nasibu.

Jina la msomaji, hata hivyo, ndilo suluhisho bora lililopatikana hadi leo. Kitabu kilichoandikiwa mtu kwa jina kina mvuto mdogo kwa mnunuzi mwingine, na mchoraji anajua hilo. Wachoraji kadhaa wa Marekani wamelifanya kuwa sharti: ukitaka jina lako liandikwe, saini ni bure, na ukitaka saini tupu, ulipe. Sharti hili ni la haki kuliko mengine yote kwa sababu halimhoji mtu nia yake. Msomaji anayempenda mchoraji hapotezi kitu, maana jina lake ndilo analolitaka. Muuzaji naye hulipa kwa kile anachokwenda kukiuza. Ni ajabu kwamba bado wakusanyaji wengi hulipinga, wakisema linaharibu kitabu.

Masharti mengine yanagusa idadi, kwa mfano vitabu viwili bure kwa kila mtu, kisha ada kwa vinavyozidi. Hilo huwalinda watoto waliosimama foleni wakiwa na kitabu kimoja nyuma ya mtu mwenye sanduku zima. Wapo wasiosaini jalada lililochorwa na mwingine, na wapo wanaokataa kuandika maneno ya mhusika kando ya saini, au hutoza kila neno. Lakini sharti linalozua ugomvi mkubwa ni la mikataba ya pekee, ambapo mchoraji husaini vitabu vya kufungwa kwenye kasha kupitia wakala mmoja tu. Wakala huchukua ada yake, kampuni ya ukaguzi yake, na mchoraji yake. Kwa mtu wa mbali, wakala huyo ndiye mlango wa pekee. Hapa wakusanyaji wana haki ya kulalamika, kwa kuwa bei inayotokana na mlango mmoja haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote.

Hesabu ya mkusanyaji wa Bujumbura inaonyesha ukali wa jambo hili. Dola 40 za saini ni karibu faranga 116,000 za Burundi kwa bei rasmi ya takribani faranga 2,900 kwa dola, na katika soko la mtaani ni zaidi ya hapo. Juu yake kuna ada ya ukaguzi, ya wakala, usafirishaji wa kwenda na kurudi, bima na ushuru. Fedha za kigeni zenyewe ni adimu, na kuzipata kwa ajili ya malipo ya namna hii ni kazi. Katika nchi ambako pato la mtu kwa mwaka halifiki dola 300, kitabu kimoja chenye lebo ya njano kinaweza kumeza zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Kwa kitabu cha kawaida hesabu hiyo hailipi, na msomaji hana sababu ya kuona ametengwa kwa kukosa kasha la plastiki.

Lililo karibu naye zaidi ni albamu inayohusu mji wake. Riwaya ya Petit Pays ya Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, ilitolewa mwaka 2016, na mwaka 2024 ikatolewa na mchapishaji Dupuis kama kitabu cha katuni. Marzena Sowa aliandika upya hadithi kwa ajili ya picha na Sylvain Savoia akaichora. Mitaa ya Kinanira ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 imo ndani yake, na bila shaka wapo wasomaji wa Bujumbura wanaotamani nakala iliyosainiwa. Lakini isainiwe na nani? Mwenye riwaya, aliyeiandaa kwa picha, au aliyeshika kalamu ya kuchora? Katika mfumo wa Marekani kila mmoja ana bei yake na kila jina huandikwa kwenye lebo. Soko huweka mbele jina maarufu zaidi. Kwa kitabu cha katuni hilo ni kosa, maana mchoraji ndiye aliyetumia miezi juu ya kila ukurasa, na saini yake ndiyo inayostahili kutafutwa kwanza.

Kongo ina wachoraji ambao kazi zao zinastahili uangalizi huohuo. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, alichora Madame Livingstone, albamu iliyoandikwa na Christophe Cassiau-Haurie na kutolewa na mchapishaji Glénat mwaka 2014. Hadithi yake inapita katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikihusu msako wa meli ya Kijerumani ya Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo baadaye ikawa Liemba, inayofahamika na kila mtu wa bandari za ziwa hilo. Albamu kama hiyo ina uzito wa pekee kwa maktaba ya familia ya Bujumbura, hata kama haitakaguliwa Florida kamwe.

Tanzania inatoa onyo. Magazeti ya katuni ya Sani yalisomwa na umma mkubwa miaka ya 1970 na 1980, na mchoraji wake hodari Philip Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, kisha wengine wakaendelea kuwachora wahusika wake. Nakala nyingi za magazeti ya aina hiyo ziliishia kufungia karanga. Katika uchoraji wa rangi, Edward Saidi Tingatinga alifariki Dar es Salaam mwaka 1972 baada ya miaka michache tu ya kazi, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Picha zenye saini yake zilizochorwa na mikono mingine zimewasumbua wanunuzi tangu hapo, kwa kuwa hapakuwa na daftari la kazi zake alipokuwa hai.

Ughushi ndio hoja kuu ya wanaotetea mashahidi na makasha. Uchunguzi wa FBI ulioitwa Operation Bullpen, katika miaka ya 1990, ulivunja mitandao iliyokuwa ikitengeneza saini bandia za wanamichezo na watu mashuhuri kwa wingi wa kutisha. Lakini kasha nalo si kinga kamili. Mwanzoni mwa 2024 CGC ilitangaza kwamba kuna watu waliobadilisha vitabu ndani ya makasha yake kwa kutumia vibaya huduma ya kubadilishiwa kasha, ikatoa orodha ya mamia ya vitabu vilivyotiliwa shaka. Kampuni ya CBCS, iliyoanzishwa mwaka 2014, hufuata njia nyingine: hukubali saini isiyo na shahidi na kuilinganisha na saini zinazojulikana. Njia hiyo ina manufaa kwa watu wa mbali, ingawa ulinganishi hauwezi kamwe kuwa na nguvu ya jicho lililoona.

Ipo pia njia ya zamani isiyohitaji kampuni. Mwaka 1930, kitabu cha kwanza cha Tintin, kile cha safari ya nchi ya Wasovieti, kilipotolewa Brussels, nakala 500 za kwanza zilipewa namba na kusainiwa. Hergé, mchoraji wake, alisaini kwa jina la Tintin, na Germaine Kieckens, aliyekuja kuwa mke wake, akasaini kwa jina la Milou, mbwa wa Tintin. Hapakuwa na shahidi wala kasha. Namba iliyoandikwa kwa mkono, idadi iliyotangazwa na kumbukumbu za mchapishaji ndizo zilizozipa nakala hizo uthabiti, na leo ni miongoni mwa vitu vinavyosakwa sana na wakusanyaji wa Ubelgiji.

Utaratibu huo unawezekana Bujumbura bila dola hata moja. Mchoraji anayetoa kitabu anaweza kutenga nakala 50 au 100, akazipa namba, akazisaini, akaandika kwenye daftari nani alichukua ipi na lini, kisha akaziuza kwa bei ya juu kidogo. Sheria ya hakimiliki ya Burundi ya Desemba 2005 inamtambua mtunzi kuwa mwenye kazi yake, lakini ada ya saini haimo katika hakimiliki. Hata haki ya Ufaransa ya mwaka 1920, inayompa msanii sehemu ya fedha kazi yake halisi inapouzwa tena, inagusa kurasa zilizochorwa kwa mkono na haigusi kitabu kilichopigwa chapa. Mchoraji asipojiwekea bei siku ya kusaini, hapati nafasi ya pili. Kurasa zake halisi pia azishike mwenyewe, asiziache ofisini kwa mchapishaji.

Kwa aliye na kitabu kilichosainiwa tayari, kazi kubwa ni kukilinda. Mvua za Oktoba hadi Mei na joto la kando ya ziwa huleta ukungu, na karatasi ya gazeti hugeuka njano haraka ikipigwa na mwanga. Kiwekwe wima, mbali na ukuta wa nje na sakafu ambako mchwa hufika, ndani ya mfuko safi wa plastiki wenye kadibodi nyuma. Picha iliyopigwa mchoraji akiwa anasaini ihifadhiwe pamoja nacho, ikiwa na tarehe na mahali. Wala saini iliyofifia isikolezwe na mtu mwingine kwa kalamu mpya, kwani huo ni ughushi hata kama nia ni njema.

Waandaaji wa siku za vitabu na maonyesho mjini Bujumbura nao wana la kufanya. Waandike kwenye kibao mbele ya meza, kabla foleni haijaanza: saini yenye jina ni bure au kiasi gani, saini isiyo na jina ni kiasi gani, mwisho vitabu vingapi kwa mtu mmoja. Na fedha zote ziende mkononi mwa mchoraji.